Chuma Kisichokubali Maji

Fundi akikuambia kwamba chuma ni chuma tu, mpe nauli arudi kwao. Huyo hajui alichokishika. Mimi nimekaa na chuma tangu sijabadili meno, kwanza kwa baba yangu kwenye bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, halafu hapa Katesh, Hanang, ambako nina kibanda cha kuchomelea kando ya barabara iendayo Singida. Ninachoweza kukuhakikishia, ndugu msomaji, ni kwamba kuna chuma na chuma. Kipo kinachokunjika ukakikunjua kikakunjika tena kama mkeka. Kipo kinachokatika kama kigae ukikiangusha kwenye sakafu. Ukivitazama kwa macho vyote vina rangi moja na kutu moja, na muuza skrepa atakupimia vyote kwa bei ileile ya kilo.

Washikaji zangu walioko Dar es Salaam, wale tunaoandikiana na kusomeana hadithi, huniambia niachane na mambo haya. Andika mapenzi, bwana, andika maisha ya mjini, mambo ya vyuma nani atasoma? Basi haya ni ya vyuma. Mapenzi nayo yamo, ila msiwe na haraka.

Chuma ninachotaka kukizungumza ni kile ambacho vitabu vya ufundi hukiita chuma laini, chuma chenye kaboni kidogo. Kamusi zetu zina maneno matamu zaidi, pua na feleji, lakini nenda duka la vifaa vya ujenzi hapa Katesh ukaombe feleji uone watakavyokutazama. Sisi tunasema flati bar, ango laini, skwea paipu, shiti, msumari, waya wa kufungia. Vyote hivyo ni ndugu wa tumbo moja. Geti la nyumba yako, grili za dirisha, bati la paa (ukiondoa ile ngozi nyembamba ya zinki inayolizuia kutu), ndoo, fremu ya kitanda cha bweni, debe, kengele ya ng'ombe: chuma laini. Mtu anaweza kuzaliwa, kuoa na kuzikwa katika wilaya hizi mbili bila kugusa chuma cha aina nyingine zaidi ya panga, jembe na kisu.

Siri yake ni hesabu ndogo tu. Chukua kilo 100 za chuma hicho, ndani yake kaboni haizidi gramu 250, na mara nyingi ni gramu 100 au 200. Springi ya lori, katika kilo zile zile 100, ina gramu 500 hadi 600. Tupa ya kunolea msumeno inafika kilo nzima na kupita. Chuma cha kusubu, kile cha bloku za injini za zamani, kina kilo 2 hadi 4. Kaboni yenyewe si kitu cha ajabu, ni ile ile iliyomo katika mkaa. Kwa hiyo gramu 400 za mkaa, kiasi ambacho mama ntilie anakimaliza kabla chai haijachemka, ndizo zinazotenganisha geti na panga.

Tofauti inaonekana kwenye moto na maji. Pasha kipande cha springi mpaka kiive rangi ya chungwa bivu, kisha kitumbukize ghafla majini. Kitakuwa kigumu hata tupa iteleze juu yake kama juu ya kioo. Sasa fanya vivyo hivyo kwa msumari. Utapata msumari uliolowa, basi. Sababu ni kwamba chuma kikiwaka, kaboni huyeyuka ndani yake kama sukari ndani ya chai. Kikiachwa kipoe taratibu, kaboni hujitenga ikatafuta pa kukaa. Kikipozwa kwa ghafla inanaswa humo humo, inabana kila kitu kilicho jirani yake, na kubana huko ndiko ugumu wenyewe. Lakini kama punje za sukari ni mbili katika birika zima, utakoroga mpaka kesho na chai haitakuwa tamu.

Baba hajui gramu wala asilimia. Kwa lugha yetu yeye hukiita tu chuma kisichokubali maji. Akiletewa kipande asichokijua hukigonga kwenye fuawe akasikiliza mlio, hupitisha tupa pembeni, halafu hukata ncha ndogo, huipasha, huizamisha, kisha huipiga nyundo. Ikivunjika ni springi au ndugu zake. Ikikunjika huitupia upande wa pili, kwenye rundo la misumari. Mimi nina grenda, na nikitaka kujua naangalia cheche: chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka, chache chache, na cha kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka matawi kama maua ya mnyaa. Siku moja tuliweka vipande ishirini chini, yeye na nyundo yake, mimi na grenda yangu. Tulikubaliana vyote ishirini. Alicheka akasema mashine yangu ina kelele nyingi kwa jambo dogo.

Kazi yake kubwa pale bondeni ilikuwa vigumba vya mishale. Wateja ni Wahadzabe wa Yaeda Chini, watu wa upinde na asali. Malighafi ni msumari wa inchi sita. Wahadzabe wenyewe wanajua kuufua msumari ukiwa baridi, juu ya jiwe, gonga gonga mpaka unalala bapa. Chuma laini ndicho pekee kinachokubali jambo hilo, jaribu kwa springi uone kama hutarudi nyumbani na jicho moja. Ila kina ujanja wake: kadiri unavyokigonga kikiwa baridi ndivyo kinavyozidi kuwa kigumu, na ukipita kiasi kinapasuka ukingoni. Hapo inabidi ukirudishe kwenye moto kiwe chekundu, ukifukie kwenye majivu, kilale mpaka kipoe, kitaamka laini kama kilivyokuwa. Vigumba vyenye miiba, vile vinavyopakwa sumu ya mti na kumsubiri mnyama mkubwa, waliviletea kwa baba maana vinahitaji moto na mkono. Malipo yalikuwa asali, mara nyingine nyama iliyokaushwa. Nilisomeshwa darasa la kwanza hadi la saba kwa asali ya watu hao, na sisemi hivyo kwa kutafuta sifa.

Kazi yangu mimi ilikuwa mivukuto. Mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi, mkono wa kulia na wa kushoto kwa kupokezana, upepo usikatike. Ukiisha kupuliza mivukuto kwa saa mbili unazijua rangi za moto kuliko mchoraji yeyote. Nyekundu ya damu iliyoganda ni mapema mno. Nyekundu ya nyanya unaweza kukunja. Chungwa unaweza kufua unavyotaka. Manjano inayoelekea kuwa nyeupe, hapo vipande viwili vya chuma laini ukivinyunyizia mchanga safi na kuvipiga pamoja haraka vinashikana vikawa kitu kimoja. Ukichelewa kidogo tu cheche zinaanza kuruka kutoka kwenye chuma chenyewe, na hapo ujue kinaungua, hakina dawa tena.

Springi na visahani vya plau za trekta vilitoka upande wa Hanang. Kule Bassotu, kuanzia miaka ya 1970, serikali kwa msaada wa Kanada ilifungua mashamba makubwa ya ngano chini ya shirika la NAFCO, ekari zipatazo laki moja kwa jumla, katika nchi ambayo Wabarabaig walikuwa wakichunga. Kesi ya kijiji cha Mulbadaw ilifika mpaka Mahakama ya Rufani miaka ya 1980. Hayo ya sheria wameyaandika wenye elimu yake. Mimi nayajua kwa upande wa skrepa. Nilipokuwa mdogo mzee mmoja alikuwa akija na punda, amebeba visahani vilivyolika, springi za matela, boliti nene kama mkono wa mtoto. Baba alivigawa palepale: kigumu upande huu, laini upande ule. Vigumu vilikuwa mikuki na visu. Mkuki mrefu aliobeba mchungaji kwenda kuchunga nje ya shamba huenda ulitoka kwenye plau iliyolima malisho yake. Nimeliwaza jambo hilo mara nyingi na bado sijapata hadithi ya kuliandikia, anayetaka alichukue.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya nishike kalamu.

Sisi ni Wadatoga, lakini ni Gidang'odiga, yaani wahunzi. Kwa mtu wa mjini jina hilo halina uzito. Kwa Wadatoga wengine lina uzito wa tani. Mhunzi anahitajika na kila boma: mkuki ni wake, kisu ni chake, bangili za shaba za wanawake ni zake, kengele inayomtambulisha ng'ombe gizani ni yake. Lakini mhunzi haolewi wala haoi nje ya wahunzi. Hayo hayakuanza jana. Mmarekani George Klima, aliyeishi na Wabarabaig miaka ya 1950 akatoa kitabu juu yao mwaka 1970, aliyakuta. Sisi wenyewe tuliyajua kwa vitu vidogo vidogo. Mteja anakuja, anasalimia kwa heshima, anasifu kazi, analipa, kiu imembana, na maji ya nyumbani kwetu hayanywi. Mama alikuwa anaweka kibuyu karibu na mlango kila siku, na kila jioni anakirudisha ndani kimejaa. Sikumwona hata mara moja akilalamika. Aliendelea kukiweka tu.

Nilipokwenda chuo cha ufundi nilidhani nimeyaacha nyuma. Kule nikakuta mengine. Mwalimu wetu wa nadharia alitufundisha kwamba chuma cha pua kililetwa Afrika na Wazungu, kabla ya hapo tulikuwa na vyuma vibovu vya kuokoteza. Niliyaandika kwenye daftari maana yangekuja kwenye mtihani. Baadaye nikasoma habari ya Wahaya. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti wao kutoka Kagera: wazee wa Kihaya walikuwa wamejenga upya tanuri la kienyeji, wakayeyusha udongo wa chuma mbele ya wageni, na kilichotoka kilikuwa na kaboni, chuma cha pua hasa. Mabaki ya matanuri kama hayo ufukweni mwa magharibi wa Ziwa Viktoria yana umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Ujanja ulikuwa kwenye upepo. Vipuli vya udongo viliingizwa ndani kabisa ya tanuri, kwa hiyo hewa ilipashwa kabla haijafika kwenye mkaa. Nilimsimulia baba. Aliuliza jambo moja tu: hao wazee wa Kihaya, watu wanakula nao? Sikuwa na jibu.

Kuchomelea ni kazi tofauti na kufua, au ndivyo nilivyofundishwa. Kwa kuchomelea unayeyusha mahali padogo kwa umeme, unadondoshea chuma cha kijiti, mshono unapoa, umemaliza. Na hapa ndipo chuma laini kinapoonyesha utu wake. Kwa sababu hakikubali maji, hakigandi kwa ugumu pembeni ya mshono. Unachoma, kinapoa, kinabaki kilekile. Springi ukiichoma hivi hivi, ule ubaridi wa chuma cha jirani unafanya kazi ya maji, pembeni ya mshono panakuwa kama kioo, na gari likiingia shimo la kwanza inakatika palepale milimita mbili kutoka ulipochoma. Kila mwezi analetwa mtu na springi iliyochomwa na fundi wa pembeni, amenuna, anataka niichome tena. Namwambia anunue nyingine. Ananiona sijui kazi.

Kwa vijana wanaoanza kujenga niwaachie mambo mawili ya bure, maana kwenye vyuma ndiko mnakoibiwa. La kwanza: shiti ya mita moja kwa mita moja yenye unene wa milimita moja ina uzito wa kilo 7.85, hii haibadiliki kwa dini wala kabila. Skwea paipu ya geji 16 ina ukuta wa kama milimita moja na nusu, ya geji 18 ni kama moja na pointi mbili, na wengi wanakuuzia ya pili kwa bei ya kwanza. Nenda na mzani. La pili ni nondo: chukua unene wake kwa milimita, uzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa 162, utapata kilo za kila mita. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 lazima ikaribie kilo 10.7. Ukipima ukakuta 9, hiyo ni nondo ya 11 iliyobatizwa. (Nondo za siku hizi zenye mikunjo zina nguvu kuliko chuma laini cha kawaida, lakini hesabu ya uzito ni ileile.)

Na nguvu ya chuma laini msiidharau kwa sababu ya jina. Kipande chenye unene wa milimita 10 kwa 10, mfano wa kidole chako kidogo, kinabeba karibu kilo 2,500, sawa na ng'ombe kumi wa kienyeji wamening'inizwa pamoja, kabla hakijaanza kuvutika moja kwa moja. Kikizidiwa hakikatiki ghafla. Kinarefuka kwanza, hata zaidi ya sehemu ya tano ya urefu wake, kinakonda, kinakupa nafasi ya kukimbia. Ndiyo maana wenye kujenga majengo na meli wanakipenda. Chuma kigumu hakitoi taarifa.

Hilo nililiona kwa macho yangu tarehe 3 Desemba 2023. Ilikuwa Jumapili, alfajiri. Mvua ilikuwa imenyesha sana, na mlima Hanang, ule tunaouamkia kila siku, ukaporomoka upande mmoja. Tope, mawe na miti mizima vilishuka Jorodom, Gendabi mpaka katikati ya Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa. Sitaandika nilivyoviona asubuhi ile, kuna wenye maneno ya kazi hiyo na mimi si mmojawao. Nitaandika vyuma.

Wiki ile na zilizofuata vyuma vilikuwa vinatolewa topeni kama viazi. Mageti yaliyojikunja kama karatasi ya andazi. Grili zilizofumbatana na magogo. Mabati yaliyozungushwa mpaka yakawa kamba. Vingi vilikuwa vimepinda bila kukatika. Mama mmoja alileta fremu ya mlango peke yake, imepinda pande tatu, akasema ninyooshe hiyo, nyumba itakuja baadaye. Alikuwa hana nyumba, hana ukuta, hajui kiwanja chake kitakuwa wapi. Baadaye serikali ilijenga nyumba kule Waret kwa walioathirika. Lakini siku ile alichokuwa nacho ni fremu, nami nikaipokea.

Ila umeme haukuwepo. Mashine yangu ya kuchomelea ilikuwa sanduku tu, na grenda ilikuwa tofali. Nilikuwa nimekaa kwenye kibanda na rundo la vyuma vya watu mbele yangu, nyundo moja na mikono. Siku ya nne baba akafika kutoka bondeni. Alikuja na mivukuto yake kwenye gunia, koleo mbili, na kile kipande cha reli anachokitumia kama fuawe, sijui alikibebaje. Hakuuliza kitu. Alichimba shimo pembeni ya kibanda, akaomba mkaa, akaniambia, "Kaa upulize."

Nikapuliza, kijana wa miaka ishirini na tisa mwenye cheti cha ufundi, mbele ya mji mzima. Tulinyoosha fremu ya yule mama. Tulitia mipini machepe yaliyokatika, maana machepe ndiyo yaliyokuwa yanatakiwa kuliko kitu chochote, mji mzima ulikuwa unachimba. Chepe likipasuka kwenye kiungo baba alilifunga kwa pete ya flati bar, akaipasha, akaivika ikiwa ya moto, ikapoa ikabana. Mapanga yaliyobutuka kwa kukata magogo aliyatia moto na maji upya, makali yakarudi. Watu walipanga foleni. Kwenye foleni walikuwamo wazee wa Kidatoga ninaowajua, wa koo zinazojulikana, watu ambao kibuyu cha mama kilirudi ndani kimejaa kwa sababu yao. Walisimama kwenye jua pamoja na Wairaqw, Wanyaturu na Wachaga wa madukani, kila mmoja na chepe lake. Mmoja alikaa kwenye benchi langu. Alipoletewa maji ya chupa kutoka dukani alikunywa, na hayo yalikuwa maji ya dukani, kwa hiyo sikuhesabu.

Huyo mzee, msomaji, ndiye mjomba wa msichana ninayempenda.

Nilikuahidi mapenzi, nayo ni haya tu. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, kwao ni upande wa Bassotu, Mdatoga lakini si mhunzi. Tumejuana miaka mitatu. Yeye mwenyewe habari za koo anaziona za kizamani, na vijana wengi wa siku hizi ndivyo wanavyosema wakiwa mjini. Tatizo ni kwamba hakuna anayeoa mjini. Unaoa kwao.

Tulipeleka posa mwaka uliofuata baada ya mavuno. Usiku wa kuamkia safari mjomba wangu mimi aliniita pembeni. Akasema, kijana, wewe una bahati ambayo baba yako hakuwa nayo. Wewe hufui, unachomelea. Una cheti, una mashine, unalipa leseni. Fundi wa kuchomelea hata Mchaga anaweza kuwa, hata Mhindi. Wakiuliza, waambie hivyo: mimi ni fundi wa kuchomelea. Baba alikuwa karibu, anasikia. Alikuwa anachonga mpini na hakuinua kichwa.

Sikulala vizuri. Niliupindua ule ushauri kila upande kama mtu anayetafuta ufa. Na kwa kweli haukuwa uongo. Kwenye kibanda changu kinaandikwa welding, kazi tisa kati ya kumi ni za umeme. Lakini yale maua ya grili ambayo wateja wananisifia, yale yanayozunguka kama konokono, nayapasha na kuyakunja kwa nyundo kwenye fuawe. Patasi za mafundi mawe nazifua kwa springi. Na ile wiki ya tope nilipuliza mivukuto mbele ya huyo huyo atakayeniuliza. Kusema mimi ni wa kuchomelea tu ilikuwa kumwambia mtu aliyekuwepo kwamba hakuwepo.

Wakauliza kweli. Baada ya salamu, baada ya habari za mvua na ng'ombe, yule mzee akanigeukia. Hakuzunguka sana. "Kijana, wewe unafua au unachomelea?"

Mjomba wangu akakohoa.

Nikasema, "Shikamoo tena mzee. Nafanya vyote viwili. Kufua kanifundisha baba, huyu hapa. Chepe lako lile la mwaka jana tulilifua pamoja."

Palikuwa kimya kwa muda ambao ungetosha kupasha msumari. Kisha mzee akasema chepe lile bado lipo, halijalegea. Akasema jambo la posa ni la ukoo, si la mtu mmoja, watakaa walizungumze. Tukaletewa soda, tukanywa, sisi na wao, kila mtu chupa yake. Njiani kurudi mjomba hakusema nami mpaka Katesh. Baba alisema jambo moja tu, kwamba springi alizoziona zimerundikwa nyuma ya zizi la wale watu ni nzuri, za lori la zamani, niulize kama wanauza.

Sasa ni mwezi wa saba na jibu halijaja. Halijawa ndiyo wala halijawa hapana. Yeye ananipigia simu kila Jumamosi, anasema wanawake wa nyumbani wamekwisha kukubali na wanaume wanasubiriana. Wiki mbili zilizopita mama yake alimtuma kijana na karatasi ya daftari, imeandikwa vipimo vya geti la zizi: futi 10 kwa futi 5, milango miwili, lifunguke nje. Hakuna barua, hakuna salamu, ni vipimo tu na swali la bei.

Nimekwisha kununua paipu. Ni za inchi moja na nusu, geji 16, nimezipima mwenyewe. Fremu nitaichoma kwa umeme. Bawaba za dukani haziwezi kubeba geti la uzito ule, ng'ombe wakilisukuma, kwa hiyo zitakuwa za kufua, pini za springi ndani ya macho ya flati bar. Hizo atakuja kuzifua baba. Kasema tusubiri mwezi uandame, mgongo unamuuma.